Jedwali la Mji Nisiofika

Al Muraqqabat, Dubai
27 Septemba
(Haikutumwa)

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula, basi nijibu kabla hujauliza: nimekula. Wali na dengu, nimekaa kitandani, maana chumba hakina meza. Tuko wanawake wanne, vitanda viwili vya ghorofa, na dirisha moja linalotazama dirisha la watu wengine.

Baba, siko Japani. Sijapata kufika Japani.

Ile barua ya chuo cha Matsue, uliyoihifadhi ndani ya msahafu mkubwa, ilifuatwa na nyingine siku tisa kabla ya safari. Ufadhili umefutwa, wakasema, niombe tena mwakani. Niliisoma nimesimama mlangoni kwa Ummi wa duka la kuchapa, karatasi bado ina joto la mashine yake. Nikarudi nyumbani nikwambie. Nikakukuta sakafuni, miwani mbili puani, moja juu ya nyingine, penseli sikioni, na jedwali mbele yako. Wiki tatu ulikuwa ukipiga hesabu za nyakati za swala za mji ambao hata jina lake ulikuwa ukilipapasa mdomoni. Ukanionyesha mshale mwekundu wa Kibla pembeni mwa karatasi. Ukasema, "Huko hutasikia adhana, lakini hutapotea."

Sikuweza, baba. Nilifungua mdomo nikakuuliza kama unataka chai.

Dua ilikuwa imeshasomwa. Mambrui nzima ilikuwa imenipa mkono. Roselyne, niliyesoma naye Nairobi, ni mlinzi kwenye hoteli moja ya Al Garhoud. Akaniambia kuna ofisi ya safari hapa Al Rigga inatafuta msichana mwenye Kiingereza safi. Ulinisindikiza Mombasa hadi uwanja wa ndege ukijua kwamba Dubai nitabadilisha ndege tu. Sikubadilisha.

Na sasa sikia hili. Ofisi imenikalisha meza ya Japani. Familia za hapa zimechoka na miji mikubwa, zinataka miji midogo, yenye utulivu. Madam, mwenye ofisi, aliposikia nilikuwa niende kusoma Matsue, akacheka. "Basi unaijua kuliko sisi sote. Yalla, iuze." Kutwa kazi yangu ni kuusimulia mji ambao mlango wake nilifungiwa.

Kesho nitakuandikia ukweli.

Mwanao,
Afrah


Matsue, Japani
28 Septemba

Kwa baba yangu Famau,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkua kwa heshima, na natumai barua hii itakukuta na afya, na Ummi hakuichelewesha kwenye mashine yake. Mimi sijambo. Nimefika salama, chumba ni kidogo lakini kina mwanga.

Mji huu ungeupenda. Katikati pana ngome ya zamani ya mbao nyeusi, na mfereji wa maji unaoizunguka. Kuna mashua ya watalii inayopita humo, na baadhi ya madaraja ni ya chini mno, kwa hiyo mwenye mashua hubonyeza kitu na paa zima hushuka. Abiria wote, wazee kwa watoto, huinama pamoja mpaka daraja lipite. Nilipowaona nilikukumbuka wewe ukituambia safu isiyoinama kwa pamoja si safu.

Jedwali lako nimelibandika ukutani juu ya mkeka. Mshale mwekundu unaonekana hata gizani.

Naomba dua zako.

Mwanao,
Afrah


Mambrui
10 Oktoba

Kwa binti yangu Afrah,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Sisi huku hatujambo. Masikio yangu ndiyo yana jambo. Ijumaa msikitini Thuwein alinipigia kelele hadi mate yakanifikia, na sikuambulia neno. Ummi ananiambia wenzako walio nje huongea na wazee wao kwa simu kila usiku. Mwambie Ummi kwamba simu na mimi tumeachana kwa amani. Barua naisikia vizuri.

Adhana nimemwachia Thuwein. Anaadhini kama mtu anayemwita mbuzi aliyepotea, lakini anaadhini. Dukani saa za kutengeneza zimepungua, kila mtu anatazama saa kwenye simu. Kilichobaki mkononi mwangu ni jedwali na mwezi. Unajua wewe: miaka thelathini na moja imamu haandiki mwezi mpaka aniulize, "Famau, umeuona?" Nikisema nimeuona, mji unafunga. Nikisema sikuuona, hata aje mtu na mwezi mfukoni, hawamsikilizi. Hiyo haihitaji masikio, alhamdulillahi.

Nina ombi. Jedwali la mji wako nililifanya kwa kitabu na penseli, sijui kama ni sahihi. Nitafutie mahali penye magharibi wazi. Siku ya tarehe nane mwezi wa Novemba litazame jua likizama, uniandikie dakika. Usiniandikie ya simu. Nataka ya jicho lako.

Na hiyo mashua inayoinamisha watu, je, mwenye mashua naye huinama?

Ni mimi babako,
Famau


Matsue, Japani
9 Novemba

Kwa baba yangu,

Assalaam alaykum. Natumai hali ni njema, na masikio hayakuumi. Mimi mzima, baridi imeanza ila nina sweta mbili.

Nahodha wa mashua naye huinama, baba, tena wa kwanza, na huku anaimba.

Ombi lako nimelitekeleza. Upande wa magharibi wa mji kuna ziwa kubwa. Ndani yake kuna kisiwa kimoja kidogo sana chenye misonobari michache, na kila jioni watu hushuka ufukweni kulitazama jua likizama nyuma yake. Si wageni peke yao. Hata wafanyakazi wanaotoka maofisini husimama na mikoba yao mpaka lizame, kisha hutawanyika. Asubuhi ziwani humo huwa na wavuvi wa chaza wadogo weusi, wanawachota kwa reki zenye mipini mirefu kuliko mtu, na hupikwa mchuzi mwepesi wa kifungua kinywa.

Jua lilizama saa kumi na moja na dakika tisa.

Kuna na dimbwi moja msituni ambapo wasichana huweka karatasi juu ya maji, na sarafu juu ya karatasi. Ikizama haraka, ndoa iko karibu. Mimi nilitazama tu.

Mwanao,
Afrah


Mambrui
21 Novemba

Kwa Afrah,

Waalaykumu salaam. Tuko salama, mvua za vuli zimekuja na paa la chumba chako halikuvuja.

Dakika tisa. Jedwali langu linasema dakika tisa. Niliposoma nilisimama, nikamwonyesha Thuwein, akasema, "Basi na Japani wanamtii Famau."

Nimefurahi. Nimeshangaa kidogo pia. Miaka yote hii nalitazama jua la hapa kwetu na sijawahi kulikuta sawasawa na karatasi. Siku moja ni wingu, siku moja kilima, siku moja ni mtu kanisalimia. Kitabu husema jua lilipo. Jicho husema ulipo wewe. Huwa hazilingani, na ndivyo ninavyojua kwamba nimetazama kweli. Labda ziwa la Kijapani lina adabu kuliko bahari yetu.

Karatasi yako usiiweke kwenye dimbwi. Mume hatafutwi kwa sarafu.

Babako,
Famau


Al Muraqqabat, Dubai
4 Januari
(Haikutumwa)

Baba,

Salamu, na yote yale.

Jua la Matsue huzama mchana wa hapa, kati ya saa sita na saa saba. Kuna kamera imewekwa ufukweni mwa lile ziwa, mtu yeyote duniani anaweza kuifungua. Kila siku wenzangu wanapokwenda kula, mimi naifungua. Nakaa kwenye kiti cha ofisi, nje jua la Dubai liko utosini, na ndani ya kioo changu jioni inaingia. Naona mgongo wa mwanamke mwenye koti jekundu, huja karibu kila siku. Nimeanza kumwogopea asipokuja. Hakuna mtu katika mji huu ninayemwogopea hivyo.

Siku ile uliyoniomba dakika, kamera ilionyesha mvua tu. Nikachukua dakika ya mtandaoni. Wewe peke yako ungeweza kuona kasoro ya jibu lililo sahihi.

Leo familia moja imekuja, mama na mabinti watatu. Nimewapangia siku nne: ngome, mashua, ziwa, bustani, nyumba ya chai. Yule binti mdogo akaniuliza, "Ulipokuwa huko, ulilia ulipoondoka?" Nikamwambia ndiyo. Madam akanikonyeza, kwamba nimeuza vizuri.

Jioni nilimsimulia Roselyne. Alikuwa anavua buti za kazi.

"Afu," akasema, "wewe unamdanganya babako ama unajidanganya?"

"Nasubiri mwakani. Nikikubaliwa, uongo utakuwa umekwisha wenyewe."

"Uongo si maziwa, dada, haungojwi ugande. Andika tu, 'Baba, niko Dubai, nauza safari.' Kwani umeua?"

"Wewe huijui Mambrui."

"Mimi najua Kitale. Kule ningekuwa nimeshachapwa na khalas, maisha yanaendelea."

Tulicheka. Halafu akalala, kwa kuwa anaingia zamu alfajiri, na mimi nikabaki nimeishika simu, sina wa kumpigia. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kwamba mtu akipotea atafute kwanza Kibla, kisha mengine yatajipanga. Hapa Kibla nakijua. Hayo mengine hayajipangi.

A.


Mambrui
30 Januari

Kwa binti yangu Afrah,

Assalaam alaykum. Hujambo na baridi? Hapa joto, embe zimekwisha, na mimi ni mzima wa kutosha.

Nakuandikia jambo lisilo zito, ila nataka ulijue kutoka kwangu. Nassir, yule wa vitambaa anayekwenda Dubai kila baada ya miezi, amerudi juzi. Baada ya Isha alisema mbele ya watu, na Thuwein akaniandikia kwenye kijidaftari changu ili nisikie: "Nassir asema amemwona Afrah wako Dubai, mtaa wa Al Rigga, amebeba vikombe vya kahawa." Watu wakatazama viatu vyao.

Nikasimama. Unajua sisimami mara nyingi siku hizi. Nikasema, "Mwanangu yuko Japani. Nashuhudia kama ninavyoshuhudia mwezi." Nassir akaomba radhi, na imamu akasema yamekwisha, neno la Famau linatosha.

Kwa hiyo yamekwisha. Lakini ukipata nafasi, nipige picha umesimama pale ziwani. Si kwa ajili ya Nassir. Ni kwa ajili yangu, niiweke dukani.

Babako,
Famau


Matsue, Japani
8 Februari

Kwa baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimepokea barua yako, nimefurahi kwamba u mzima. Mimi pia.

Nassir amenifananisha. Dubai ina wasichana wengi wa pwani, na buibui zote zinafanana kwa nyuma. Msamehe.

Naambatisha picha ya ziwa. Kile kisiwa ndicho hicho cheusi katikati. Mimi simo kwa kuwa ndimi niliyepiga, na nilikuwa peke yangu, hapakuwa na mtu wa kumpa simu.

Ramadhani imekaribia. Nitafunga kwa jedwali lako.

Mwanao,
Afrah


Matsue, Japani
1 Machi

Kwa baba,

Assalaam alaykum, na Ramadhani karim. Tumefika kumi la pili, na naomba Mungu akujaalie nguvu, usipande juu ya paa la msikiti bila mtu wa kukushikia ngazi. Mimi nafunga salama. Siumwi. Nafuturu kwa tende na maji, peke yangu, lakini nafuturu.

Nikwambie jambo dogo lililonifurahisha, maana nimekuandikia mengi ya ngome na maziwa na kidogo sana ya mimi. Pale ninaposwali alasiri kuna dirisha. Siku hizi nachelewa kidogo kwa kazi za masomo, na ninapotia takbiri jua limeshashuka, liko mbele yangu kabisa, kati ya nyusi. Nikisimama linanijaza macho hadi nayafumba. Nikisujudu nalisikia juu ya utosi. Kwetu maisha yetu yote tumeswali alasiri na jua limetukaa shavu la kushoto, na sikujua kwamba nimelizoea hivyo mpaka lilipohama. Huku jua na Kibla vimekuwa kitu kimoja. Kwa dakika hizo chache, baba, sijioni mpweke.

Nilitaka ulijue hilo.

Mwanao,
Afrah


Matsue, Japani
21 Machi

Kwa baba,

Assalaam alaykum. Idi njema, Mungu atutakabalie. Natumai mmeamka salama na Thuwein hakuwaharibia takbira.

Kila Idi, hata nilipokuwa Nairobi, barua yako ilinifikia kabla sijavaa. Safari hii Ummi hajanitumia kitu. Nimemwandikia, ananijibu tu kwamba hujampa barua.

Unaumwa?

Afrah


5 Aprili

Baba,

Assalaam alaykum. Ummi anasema unakula, unakwenda dukani, unaswali. Anasema unashinda na penseli. Nikimwuliza unaandika nini, anasema ni tarakimu tupu.

Kama nimekosea niambie. Kama si hivyo niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza kwa sweta.

Sikuandika jina la mji hapo juu. Sijui kama uliona.

Afrah


Mambrui
13 Aprili

Kwa binti yangu Afrah,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Siumwi. Niwie radhi kwa Idi. Mtu mwenye hesabu isiyokamilika hana la kumwandikia mwenzake.

Barua yako ya Ramadhani niliisoma kwa furaha mara mbili. Mara ya tatu penseli ilikuja mkononi yenyewe. Kwetu Kibla ni kaskazini, kwa hiyo jua la alasiri hutukaa kushoto, umesema kweli. Lakini Japani, binti yangu, Kibla kiko kati ya magharibi na kaskazini, na mwezi ule jua huzama upande wa kusini wa magharibi. Anayeswali Matsue alasiri ya Ramadhani hii, jua lilikuwa kushoto kwake vilevile kama kwetu. Si ubavuni kabisa, begani hivi. Haliwezi kuwa kati ya nyusi. Nilirudia hesabu nikidhani nimezeeka. Nikairudia kwa kitabu kingine.

Kisha nikageuza swali. Nikajiuliza: ni wapi duniani ambapo kumi la pili la Ramadhani hii, jua la alasiri iliyochelewa na Kibla vinakuwa kitu kimoja? Ni mahali Kibla kimelala kusini kidogo ya magharibi. Nikajaribu miji. Ule nilioupata ndio uliotajwa na Nassir.

Sikukasirika. Hilo lazima uliamini, kwa maana ndilo neno pekee lenye joto kati ya barua zako zote. Mashua na ngome ulivisoma mahali. Lile jua ulilitazama.

Nikwambie na la mwezi, kwa kuwa utalisikia kwa Ummi. Jioni ya ishirini na tisa nilipanda juu ya paa, Thuwein ameshika ngazi. Niliuona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa. Nikashuka. Imamu akaniuliza kwa mkono, kama kawaida, kalamu tayari. Nikamwambia, "Mimi usiniandike." Akadhani hakunifahamu. Nikarudia: "Nilisimama hapa nikashuhudia jambo ambalo sikuliona kwa jicho langu. Shahidi wa namna hiyo haandikwi." Alhamdulillahi watu wawili wa mtaa wa juu nao walikuwa wameuona, kwa hiyo mji ulipata Idi yake. Lakini mimi nilikaa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na moja.

Kosa hilo si lako, ni langu. Wewe ulisema usilokuwa nalo, na mimi nikashuhudia nisiloliona. Tumegawana.

Sikuulizi kwa nini. Nadhani najua, nadhani ulinikuta nimekaa sakafuni na karatasi. Siku ile uliniuliza kama nataka chai, na chai yenyewe hukuileta. Nilisubiri sana.

Naambatisha jedwali. Limenichukua muda kwa sababu nilitaka miezi kumi na miwili yote. Mshale wa Kibla nimeutia wekundu. Lile jingine libandue ukutani, halikufai, litakufuturisha kabla ya wakati.

Umekula?

Babako,
Famau


Al Muraqqabat, Dubai
17 Aprili

Baba yangu Famau,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimekula. Roselyne amepika ugali na sukuma, akanisimamia mpaka sahani ikawa nyeupe. Nilikuwa na karatasi yako tangu mchana na sikukumbuka chakula.

Ninaishi Al Muraqqabat, ghorofa ya tatu, na wanawake wengine watatu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya safari mtaa wa Al Rigga. Naswali alasiri kwenye stoo ya ofisi, kati ya maboksi ya vipeperushi, ghorofa ya saba, penye dirisha la magharibi. Vile vikombe vya kahawa alivyoviona Nassir vilikuwa vya wageni, na niliwapelekea nikiwaeleza habari za ziwa. Mwambie Nassir aliona sawa. Mwambie mimi ndiye ninayeomba radhi.

Ufadhili wa chuo ulifutwa. Barua ilikuja siku tisa kabla. Mengine umeyajua, hata chai. Mwaka huu niliomba tena, jibu limekuja wiki iliyopita, na ni lilelile. Nilidhani nitalia. Nilifunga kompyuta nikaenda kumpangia mtu siku zake nne.

Nimemwambia Ummi achape nakala mbili za barua hii. Moja yako. Ya pili ampelekee imamu, aisome baada ya Isha mbele ya watu walewale waliotazama viatu vyao. Sikukuomba ruhusa kwa hilo, na najua hutaki. Mimi binti wa Famau nasema: baba yangu hakusema uongo. Alisema alichoandikiwa na mwanawe, na mwanawe ndiye aliyekuwa mwongo. Mwezi wa mfungo tatu, ule wa Hija, unaandama mwezi ujao, panda. Akikuuliza imamu, mjibu. Kama bado unaona huwezi kuandikwa, sitakulaumu. Ila usiache kupanda kwa sababu yangu.

Jedwali la Matsue nimelibandua. Sikulitupa. Nimelikunja nikaliweka ndani ya msahafu, kama ulivyoiweka ile barua.

Lako jipya nimeliona linavyosema kwa leo: jua litazama saa kumi na mbili na dakika arubaini na nne. Kwa hiyo nilitoka ofisini, nikatembea hadi ukingo wa Khor, ile hori ya bahari inayoukata mji, mahali wanapopakia mizigo. Palikuwa na kelele na harufu ya dizeli. Nilisimama peke yangu na mkoba wangu, kama wale watu wa ziwani. Watu walinipita. Mmoja aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, natazama.

Upande wa pili wa maji kuna majengo, baba, na moja lenye antena mbili ndilo lililolimeza. Simu niliiweka mkobani. Nilitumia saa yako, ile ya mkanda wa ngozi uliyonitengenezea nilipoingia kidato cha kwanza.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Tumepishana dakika saba.

Mwanao,
Afrah
Dubai